Kanze na Pijo Iliyokataa Chaji

Ukifika Shika Adabu, Likoni, ukamuulizia fundi wa umeme wa magari, utarudishiwa swali: "Una gari bovu, au unakwenda kumsikiliza tu?" Kwani wako watu wazima na akili zao, wasio na gari wala baiskeli, ambao kila siku hupitia kwa Kanze wakasimama nusu saa kumsikiliza akisema na betri.

"Wewe umelala au umekufa?" huiuliza. Kisha huweka mita, hutazama, hutikisa kichwa. "Umelala. Amka, baba, watu wana safari zao."

Kanze binti Kaingu ni mama wa miaka arubaini na sita, mrefu, mwembamba, leso imefungwa kiunoni juu ya ovaroli, na mita ya kupimia umeme inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Kazi hii hakuisomea popote. Alipotoka kwao Kaloleni, angali msichana, alikwenda Mwakirunge kule wanakochimba mawe, akawa anawauzia madereva wa malori mihogo ya kuchemsha na pilipili. Malori yenyewe yalikuwa kuukuu, asubuhi hayawaki mpaka yasukumwe, na hakuna dereva aliyekula muhogo kabla lori lake halijawaka. Kanze akaona riziki yake imo ndani ya betri za watu. Akaanza kuuliza. Fundi wa pale alimjibu kila swali, maana mlaji wa kwanza wa mihogo alikuwa yeye, tena wa bure. Miaka mitano baadaye ile sufuria ya mihogo ilikuwa imejaa bolti na nyaya.

Kwake pana sheria moja: hakibadilishwi kitu ambacho hakijapimwa. Na pana sifa moja, ambayo hakujipa yeye, walimpa wateja: kazi ya Kanze hairudi. Gari likitoka pale limetoka. Miaka tisa tangu ahamie Shika Adabu, haikurudi hata moja. Sifa hiyo ndiyo iliyomletea wateja kutoka Mtongwe na hata ng'ambo ya kivuko, yeye asiye na kibao mlangoni wala mlango wenyewe wa kutundika kibao.

Mpaka Alhamisi ile.

Alhamisi ile, jua likiwa utosini, ilitokea tuktuk ikinguruma kama inayopanda mlima, na pale ni tambarare. Nyuma yake, kwa kamba ya katani, ilikuwa inavutwa Pijo nyeupe, ndefu, ya miaka ya sabini. Kwenye usukani alikuwa Mzee Badawi mwenye duka la vyombo, kanzu imenyooka, kofia ya vito imekaa sawa, anatazama mbele kama balozi anayekwenda kupokewa. Ndani ya tuktuk alikuwa mkewe, Bi Nadhira, amejitanda buibui mpaka puani asijulikane. Lakini alijulikana, kwa kuwa sauti yake ilifika kabla ya tuktuk.

"Polepole, wewe dereva! Ukilivuta hivyo litakatika vipande kabla ya siku yake!"

Kanze aliweka spana chini. Gari lile alilijua. Ijumaa mbili nyuma lilikuwa pale pale, halishiki chaji, akalifungua altaneta, kile kidude kinachozungushwa na mkanda wa injini kikaipa betri umeme. Akakuta kaboni zake zimelika zimekuwa ncha. Akatia mpya, akapima, akalipa ruhusa.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Bi Nadhira."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Badawi, akishuka kwa madaha. "Kazi yako imerudi."

Hakusema kwa ubaya. Lakini watu wawili waliokuwa wamesimama pale kusikiliza waligeuziana macho, na Kanze akawaona.

"Nambie kwanza ilikuwaje," alisema, akawavutia wageni wake kibao cha kukalia na ndoo iliyopinduliwa.

"Nitasema mimi," alisema Bi Nadhira, "kwa sababu niliyesukumwa ni mimi." Akajifunua uso sasa, maana habari yenyewe haikusimulika nusu uso. "Jana tunavuka kwenda kisiwani kwa dada yangu. Mimi mbele na sufuria ya biriani mapajani. Feri haijang'oa nanga, tumeamriwa kuzima injini kama wote. Tumefika ng'ambo, kila mtu awasha, sisi twawasha, gari lasema tik. Tena tik. Nyuma yetu honi, malori, mikokoteni, dunia nzima! Basi wakaja wanaume wanane wakatusukuma, tena kwa wimbo! Kanze, mimi binti wa watu, nimesukumwa kama mkokoteni wa maji, na biriani langu!"

"Walisukuma vizuri," alisema Mzee Badawi. "Biriani halikumwagika."

"Baba Ihsan, nyamaza." Akamgeukia Kanze. "Nimeshasema na Rashad wa Mjambere, yule mnunuzi wa chuma chakavu. Jumamosi baada ya alasiri anakuja. Gari litakatwa vipande, nami nitapanda tuktuk kama waja wengine wa Mungu."

Mzee Badawi alitazama ncha za makubazi yake. Ile Pijo ilikuwa ya marehemu babake. Lakini mwanamume aliyesukumwa mbele ya mkewe hana hoja, na yeye alilijua hilo.

Kanze naye alikuwa akipiga hesabu yake kimya kimya. Gari likikatwa Jumamosi, ugonjwa wake hautajulikana milele. Watu hawatasema Pijo ilikuwa na kitu fulani. Watasema ilipitia kwa Kanze, ikafa. Kaburi halina mita ya kulipimia.

"Niachieni," alisema. "Nina leo na kesho."

Betri aliitia kwenye chaja ikajaa. Ijumaa asubuhi Mzee Badawi alikuja peke yake, akaketi juu ya ndoo, fimbo kati ya magoti. Haikupita muda, Rashad naye akajitokeza na pikapu yake. Alikuwa amepita, alisema, kuliangalia gari lake.

"Lako tangu lini?" aliuliza Kanze.

"Tangu kesho alasiri, dada'angu." Rashad ni mtu mnene, mcheshi, mwenye tabia ya kugonga bodi za magari kwa kidole kama anayechagua madafu. Akagonga bawa la Pijo. "Chuma cha zamani hiki. Usijichoshe, Dada Kanze. Mgonjwa huyu ameshatiwa sanda, wewe wampima homa."

"Basi kaa utazame. Mzee, hebu washa."

Pijo iliwaka mara moja, kwa kuwa betri ilikuwa imeshiba. Kanze akaweka sindano mbili za mita juu ya vichwa vya betri, akamsomea Mzee Badawi kama anayemsomea mtu barua.

"Volti kumi na mbili na nusu. Injini inazunguka, na betri inayopewa chaji hutakiwa ipande hadi kumi na nne. Hii haipewi kitu. Washa taa. Haya, inashuka. Kumi na mbili na robo. Inakula akiba yake."

"Kaboni zako hizo," alisema Rashad.

Kanze alisogea hadi kwenye altaneta. Alihamisha sindano, moja kwenye kichwa cha altaneta, nyingine kwenye mwili wake huo huo.

"Kumi na nne na nusu."

Akapima tena, ikawa vile vile. Altaneta ilikuwa inatoa umeme wake wote, mzuri, na betri iliyo mkono mmoja tu kutoka pale ilikuwa na njaa.

Hapo ndipo alipoikumbuka ile Ijumaa ya kwanza. Adhana ilikuwa inaita, mawazo ya Mzee Badawi yameshafika msikitini, naye Kanze akapima hapa, kwenye altaneta tu, akaona kumi na nne, akasema, "Nenda, Mzee, sala isikupite." Kwenye betri hakupima. Alikuwa amemuuliza mpishi kama amepika, asiwaulize wageni kama wamekula.

Angeweza kulimeza kosa hilo. Rashad asingejua, Mzee asingejua.

"Mzee, hapa nilikosea," alisema. "Kaboni zilikuwa mbovu kweli, lakini hazikuwa peke yake. Nilipima nusu, nikakuacha uende."

Mzee Badawi alimtazama kwa mshangao. Katika maisha yake alikwishakutana na mafundi wa kila aina, wa nyumba, wa saa, wa meno, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia maneno hayo.

"Wallahi," alisema polepole, "basi tuendelee na hiyo nusu ya pili."

"Umeme, Mzee, hauna safari ya kwenda tu. Ni kama sisi watu wa Likoni. Asubuhi tunavuka kwenda kisiwani, jioni sharti turudi. Ukiziba njia ya kurudi, kesho hakuna atakayevuka. Sasa tuitazame njia ya kwenda."

Akaweka sindano moja kwenye kichwa cha altaneta, nyingine kwenye kichwa cha betri, ule upande wa waya mwekundu.

"Karibu na sifuri. Hakuna kinachopotea. Njia ya kwenda ni safi. Haya, ya kurudi." Akahamia upande wa pili: mwili wa altaneta, na kichwa cheusi cha betri. Mita ikatulia. "Volti mbili! Zimepotea volti mbili nzima hapa katikati."

"Zimeibwa," alisema Mzee Badawi.

"Na mwizi hajatoka ndani ya nyumba." Kanze aliinama. Kutoka betri hadi injini, hapakuwa na kasoro. Kutoka injini hadi mwili wa altaneta, volti mbili. Basi ugonjwa ulikuwa pale altaneta inaposhikana na injini, mahali pasipozidi upana wa kiganja. Na mahali penyewe palikuwa pazuri kupita kiasi. Kishikio chake, bolti zake na ule waya mfupi wa kurudishia umeme vilikuwa vinang'aa vyeupe, chuma kitupu, visafi kama vya dukani. Ile Ijumaa ya kwanza aliviona hivyo hivyo akafurahi.

Akakigusa kishikio kwa sindano. Namba zikarukaruka zisikae. Akabonyeza kwa nguvu, akakwaruza. Namba zikatulia. Akainua sindano, na kwenye ncha yake kulikuwa na gamba jembamba linalong'aa, kama la samaki. Akalisugua kati ya vidole viwili, likaacha unga wa fedha.

"Mzee."

"Labeka."

"Hiki chuma kinang'aa."

"Kinang'aa, alhamdulillah."

"Kimepakwa rangi?"

Mzee Badawi aligeuka akawa anasoma bango la duka la ng'ambo ya barabara, bango ambalo amelisoma miaka ishirini. Na kabla hajafika mwisho wake, ikasimama tuktuk akateremka Bi Nadhira na birika la kahawa.

"Mbona mmenyamaza? Limekufa?"

"Bi Nadhira," alisema Kanze, "nyumbani kwenu mna rangi ya fedha?"

Bi Nadhira aliweka birika chini taratibu. Akamtazama mumewe. Akaitazama injini. Akamtazama mumewe tena.

"Baba Ihsan! Nambie hukupaka!"

Sasa hapa lazima ieleweke. Mombasa chumvi ya bahari hula chuma kama mtoto alavyo kashata, na katika nyumba za wenyewe, kila Shaabani, kabla ya mwezi mtukufu, husafishwa kila kitu na kupakwa rangi kila kilicho cha chuma. Nondo za madirisha, lango, tangi la maji. Mzee Badawi alirithi desturi hiyo pamoja na brashi. Na mwaka huu, tangi lilipokwisha kupakwa, kopo lilibaki nusu.

"Nusu kopo, Mama Ihsan," alisema kwa sauti ndogo. "Israfu haifai."

"Israfu!" Bi Nadhira aliwageukia wote, hata Rashad. "Alipaka kengele ya baiskeli ya Ihsan mpaka ikawa bubu! Alitaka kupaka mbuzi yangu ya kukunia nazi, nikamfukuza jikoni. Nikasema sasa ametulia, kumbe alifungua boneti!"

"Nilifungua kila kitu vizuri," alijitetea Mzee. "Bolti moja moja. Nikapaka chini, nikapaka juu, nikapaka ndani ya matundu, nikafunga. Hakuna mahali palipoachwa uchi."

"Hapo ndipo," alisema Kanze, na kicheko kikamshika akaketi juu ya tairi. "Hapo ndipo, Mzee wangu! Umeme hupita chuma kwa chuma. Rangi kwake ni ukuta. Wewe umejenga ukuta mzuri, hauna hata tundu!"

Rashad alicheka mpaka akaegemea pikapu. Mzee Badawi alivumilia, kisha ndevu zake zikaanza kutikisika, naye akacheka.

Kazi yenyewe haikuchukua saa mbili. Kanze alishusha altaneta, akachukua msasa, akasugua kishikio, matundu ya bolti na kikomo cha ule waya mfupi mpaka chuma halisi kikatokea, rangi ya mvua. Kila alivyosugua, Mzee Badawi aliguna kama anayesuguliwa yeye.

"Utakiacha hivyo, kitupu? Chumvi itakila, mwanangu. Mwaka mmoja tu."

"Hakitakaa kitupu. Kwanza chuma kikumbatiane na chuma, nifunge, nikaze. Kisha kwa juu nipake grisi, chumvi isipate pa kuingilia."

"Kwa juu tu?"

"Kwa juu tu. Na nitaongeza waya mmoja mnene kutoka mwili wa altaneta hadi injini, ili hata ukijisahau Shaabani ijayo, njia ya kurudi iwepo."

"Shaabani ijayo brashi italala chini ya mto wangu," alisema Bi Nadhira.

Pijo ikawashwa. Kanze akapima, safari hii kwenye betri, taa kubwa zimewashwa, wipa zinacheza kwenye kioo kikavu. Kumi na nne na robo. Akamwonyesha Mzee Badawi, akamwonyesha Rashad, akamwonyesha Bi Nadhira.

Bi Nadhira hakuitazama hata mita. "Mimi namba sizijui, Kanze. Ile Ijumaa pia ulimwonyesha namba. Mita yako haikusukumwa, nimesukumwa mimi. Kesho tutavuka, na wewe ndani. Tutazima kama watu, na tutarudi. Likiwaka, Rashad ataondoka na salamu zangu. Lisipowaka, na aje na kamba yake pale pale kivukoni."

"Nitakuwepo," alisema Rashad kwa furaha. "Na kamba mpya."

Jumamosi mchana, Kanze alikuwa kiti cha nyuma, leso safi kiunoni, mita shingoni. Kwenda kulikuwa kwepesi. Walizima, walifika, Pijo ikawaka.

"Mara moja ni bahati," alisema Bi Nadhira.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, gari linasogea hatua tatu linasimama. Kanze aliomba taa ziwashwe mchana ule, na feni, na redio. Alitaka altaneta ifanye kazi ikiwa imebebeshwa mzigo. Walikaa hivyo dakika arubaini, wanaopita wakiwaambia, "Mzee, taa!" na Mzee Badawi akiwajibu, "Najua, baba, najua, ni matibabu." Mita Kanze hakuitazama. Alishapima Ijumaa, na kilichobaki hakikuwa cha kupima.

Feri ikawapakia. Injini zikazimwa. Pijo ikawa kimya katikati ya umma wa watu, na katika umma huo sauti moja ikapaa.

"Ni yule! Ni yule mzee wa biriani!"

Walikuwa watatu kati ya wale wanane, wachukuzi wenye mikono kama makasia. Walijipenyeza mpaka nyuma ya gari, wakajipanga.

"Mzee, leo sufuria iko wapi?"

"Leo hamna kazi, wanangu," alisema Mzee Badawi, lakini sauti haikuwa na uhakika.

"Sisi tuko tayari, Mzee. Hatuna haraka."

Bi Nadhira alivuta buibui mpaka puani. Nyumba za Likoni zikawa zinakuja, zikawa kubwa. Kanze aliiona pikapu ya Rashad juu kule kando ya njia, na Rashad mwenyewe juu yake, anazungusha ncha ya kamba. Aliona pia nyuso mbili tatu za Shika Adabu, wale wasikilizaji wake, waliokuja kivukoni siku hiyo bila haja ya kuvuka. Mikono yake ilikuwa imeshika nyuma ya kiti cha Bi Nadhira kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Feri ikagusa. Mbele yao magari yakaanza kuwaka, moja baada ya jingine. Wale watatu wakaweka mikono kwenye buti, wakainama, mmoja wao akaanzisha wimbo.

"Bismillahi," alisema Mzee Badawi, akageuza ufunguo.

Pijo iliwaka kabla hajamaliza kugeuza. Ikanguruma, ikasogea mbele kwa pupa hata yule mwenye wimbo, aliyekuwa ameegemea kwa uzito wake wote, akabaki ameinama hana alichokishika, na wenzake wakamdaka kwa ovaroli. Feri nzima ikacheka. Bi Nadhira alijifunua uso, akatoa mkono dirishani, akawapungia kama bibi arusi.

Juu ya mteremko Mzee Badawi alisimamisha gari ubavuni mwa Rashad, injini ikinguruma, makusudi.

"Ilikuwa njia ya kurudi," alimwambia, kidole juu kama mwalimu. "Umeme huenda na hurudi. Sasa mimi nilipochunguza nikaona volti mbili..."

"Nani alichunguza?" aliuliza Bi Nadhira.

"Tulichunguza. Mimi na fundi wangu."

"Na rangi, Mzee?" alisema Kanze kutoka nyuma. "Ukisimulia, usiache rangi. Na usiache kwamba mara ya kwanza nilipima nusu. Wale pale wa Shika Adabu wanasikiliza. Nataka waipate nzima."

Wale wasikilizaji walikuwa wameshasogea, masikio wazi. Mzee Badawi alikohoa, akaanza upya tangu Shaabani, kopo na brashi, na kila alipofika kwenye kosa lake alilipunguza kidogo, na kila alipofika kwenye kosa la Kanze alilipunguza zaidi, mpaka mkewe akawa anamsahihisha pande zote mbili.

Rashad aliizungusha kamba yake akaifunga kitanzi, akaitupa nyuma ya pikapu. "Kwa hivyo Dada Kanze," alisema, "tuseme sasa kazi yako hurudi?"

"Imerudi moja, kaka," alisema Kanze, "na umeiona inavyokwenda. Sogeza pikapu yako, tuna foleni nyuma."